Si panga peke yake linalotumaliza wenye ualbino. Kuna ubao wa darasani, jua la kibaruani na meza ya usaili

Mtunza Stoo (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Mwenzetu akiuawa, nchi nzima husimama. Mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu alipoporwa nyumbani kwao Muleba, mwili wake ukaja kupatikana baada ya siku nyingi ukiwa na viungo pungufu, watu walilia mitandaoni, bungeni, misikitini na makanisani. Nililia nao, na sina shaka machozi yale yalikuwa ya kweli. Ila habari ilipopoa tukabaki na mambo yetu ya kila siku, yale yasiyofika kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Hayo ndiyo nataka tuyaongee hapa. Naamini yanatumaliza wengi kuliko waganga wanaotaka viungo vyetu na wateja wao, na mengi hayahitaji bajeti kuyaondoa.

Mimi nina ualbino. Ni mtoto wa Kanda ya Ziwa na sasa natunza stoo hapa Mwanza.

Nianze na shule. Watu wakituangalia wanaona ngozi, macho hawayafikirii. Melanini, yaani rangi ya asili ya mwili, inayokosekana kwenye ngozi inakosekana na kwenye jicho, ndiyo maana wengi wetu tuna uoni hafifu. Macho yanachezacheza, mwanga mkali unatuumiza, na kitu cha mbali hatukisomi hata tukivaa miwani, kwa sababu miwani inasaidia kwa kiasi tu. Sasa mweke mtoto huyo kwenye darasa la wanafunzi zaidi ya 80. Ubao umefifia, na jua la saa nne linapenya dirishani linaufanya ung'ae. Hata dawati la mbele halimtoshi. Mimi nilikuwa nasubiri mwalimu atoke, nasogea mpaka pua inakaribia kugusa ubao, nashika maneno mawili matatu kichwani, narudi kuandika, nasogea tena. Nyuma wanapiga kelele, "Toka huko, unatuziba!" Kabla sijafika katikati, anaingia mwalimu wa kipindi kinachofuata na dasta. Daftari langu lilikuwa na sentensi nusunusu ukurasa mzima, na fimbo nilichapwa kwa sababu ya daftari hilo.

Mwalimu aliyenichapa hakunichukia. Alikuwa akinipa hata kalamu zangu zikiisha. Lakini darasa zima liliamini kwamba watu wa aina yangu akili ni nzito, na mimi mwenyewe nikaanza kuamini. Kumbe ilitosha mwalimu atamke kwa sauti kila anachoandika, au anipe andalio lake la somo ninakili pembeni.

Kuna na suala la kofia. Shule nyingi kofia ni utovu wa nidhamu. Mtoto mwenye ualbino anasimama mstarini kichwa wazi, shati la mikono mifupi na kaptura, matangazo yanaendelea, masikio yanageuka mekundu. Likiisha hilo anakwenda shamba la shule na wenzake, kwa hoja kwamba tusimdekeze. Saratani ya ngozi haimkuti mtu ukubwani ghafla. Inaandaliwa na jua la utotoni. Ukimwona mtu mzima ana kidonda sikioni kisichopona, au mdomo wake wa chini unachanika na kutoa magamba, jua hilo alianza kulila mstarini, shambani na machungani. Wengi hufika hospitali za Bugando au Ocean Road sikio likiwa limeshaliwa nusu. Hawa hawahesabiwi popote kama waliobaguliwa. Wanaandikwa wagonjwa.

Mauaji yalipopamba moto kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watoto wengi walipelekwa kwenye vituo na shule za bweni zenye uzio, kama Buhangija kule Shinyanga na Mitindo kule Misungwi. Uhai wao ulilindwa, na siwezi kulibeza hilo hata kidogo. Lakini wapo waliokaa likizo baada ya likizo bila mtu wa kwao kuja kuwachukua, na wapo waliofundishwa nukta nundu, maandishi ya wasioona, ilhali wanaweza kusoma maandishi ya kawaida yakikuzwa. Mtoto aliyekwenda kujificha akajikuta ametengwa moja kwa moja.

Twende kazini. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Nilipokuwa natafuta ajira, kwenye simu mambo yalikuwa mazuri, "Njoo kesho na vyeti vyako halisi." Nikifika mapokezi, sura inabadilika. Swali la kwanza: "Jua utaliweza?" La pili: "Usiku unarudije, tusije tukaingia matatizoni?" Sehemu moja meneja alinieleza kwa upole kabisa kwamba yeye binafsi hana shida na mimi, ila wateja hawatakubali. Hilo jibu nimelisikia kwa namna nyingi. Mwalimu mkuu anasema wazazi wa watoto wengine watalalamika. Mwenye nyumba anasema wapangaji wenzako wataogopa. Mama ntilie anasema angependa umsaidie kupakua, ila watu watasusa chakula. Kila mmoja ana huruma, na kila mmoja anamsukumia mwingine. Mwisho wa siku umenyimwa kazi na hakuna aliyekunyima.

Nilipopata kazi, nikakutana na ubaguzi wa aina nyingine ambao wenyewe wanauita usawa. Nilipangiwa kuhesabu mizigo kwenye malori uani, saa saba mchana, kama wengine wote. Nilipoomba zamu ya ndani nikaambiwa, "Hapa hatubagui mtu, kazi ni kazi." Hati za mizigo zimeandikwa kwa herufi ndogo za kufifia, nazileta puani, dereva anacheka, nyuma foleni inarefuka. Ngozi ya shingoni ilivimba na kubabuka. Nilikaribia kuacha kazi.

Aliyenisaidia ni kuli mmoja wa pale pale, hana cheti chochote. Alikwenda mwenyewe kwa msimamizi akasema, "Mimi nitahesabu uani, huyu akae ndani apokee na kuingiza kwenye kompyuta." Basi. Kwenye kompyuta nakuza herufi mpaka zinitoshe. Uani wanapiga picha ya hati kwa simu, wananitumia, naikuza kwa vidole. Hesabu za stoo zimekaa sawa kuliko awali na kampuni haikutoa hata shilingi.

Ninachosema mimi ni hiki. Kututendea sawasawa na wengine huku hali zetu si sawa, nao ni ubaguzi, na ndio unaotufika kila siku. Karibuni tujadili, hasa walimu na waajiri.

Bosi Mdogo

Pole sana mkuu, na asante kwa uzi. Mimi nina biashara yangu, wafanyakazi 25. Niseme ukweli bila kuficha: mtu wa aina yako akija kuomba kazi, kitu cha kwanza kinachonijia ni hofu. Akidhurika akiwa anatoka kwangu usiku, nani atabeba lawama? Pili, nasikia serikali inataka asilimia 3 ya wafanyakazi wawe watu wenye ulemavu. Kwangu mimi 3 kwa 100 ya watu 25 haifiki hata mtu mmoja. Sasa inanihusu?

Mtunza Stoo

Bosi, nashukuru umesema kinachokusumbua, wengi hawasemi. Kuhusu hofu, njia ni kuniuliza mimi mwenyewe. Kama zamu inaisha saa nne usiku, nipange ya asubuhi. Ukininyima kazi ili nisidhurike njiani, nabaki bila nauli na natembea kwa miguu usiku huo huo nikirudi kutoka kwenye kibarua cha kubahatisha. Usalama wangu haujaongezeka.

Kuhusu asilimia 3 namwachia anayejua sheria.

Wakili wa Mtaani

Nimjibu Bosi Mdogo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Kwa hesabu, mtu mmoja kamili anatimia ukifika wafanyakazi 34. Lakini ukiwa na 25 hujaambiwa usiajiri. Sheria imekwambia wewe ni miongoni mwa wahusika, na mtu mmoja hatakuvunjia biashara.

Muhimu zaidi kwa mleta uzi na wengine ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7. Kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi mingi, ulemavu ukiwemo, pamoja na rangi, jinsia, ujauzito, dini na hali ya maambukizi ya VVU. Wengi hawajui mambo mawili. La kwanza, kinamlinda hata anayeomba kazi, si aliyeajiriwa peke yake. La pili, ukishaonyesha dalili za awali kwamba ulibaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Kwa hiyo yule meneja mpole aliyesema wateja hawatakubali alikuwa anakupa ushahidi. Ukiambiwa neno kama hilo, andika tarehe, nani alisema, nani alikuwepo. Ujumbe wa simu usifute.

Malalamiko yanakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba 1. Kwa kuachishwa kazi una siku 30, migogoro mingine siku 60. Wengi wanapoteza haki kwa kusubiri huruma ya bosi mpaka muda umepita.

Na kwa wanaodhani haya ni malalamiko ya watu wachache: Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapa hapa Arusha, ilitoa hukumu kwamba nchi yetu, Tanzania, ilikiuka haki za watu wenye ualbino. Hukumu hiyo inatuhusu sote.

Mtoto wa Lindi

Naomba kutofautiana kidogo na mleta uzi, kwa heshima. Mwaka 2010 sisi watu wa Lindi Mjini tulimchagua Salum Barwany kuwa mbunge wetu kwa tiketi ya CUF, ana ualbino, na alimshinda mgombea asiye na ualbino kwa kura za wananchi wa kawaida. Kabla yake, 2008, Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge. Desemba 2015 Dk. Abdallah Possi akawa naibu waziri, baadaye akaenda kuwa balozi Ujerumani. Jamii inabadilika. Tusiwakatishe tamaa vijana kwa kuwaonyesha mabaya peke yake.

Mtunza Stoo

Ndugu yangu wa Lindi, hao watatu najivunia mno. Uchaguzi wenu wa 2010 nausimulia kila mahali, kwa sababu unamvunja nguvu yule anayesema watu hawatakubali. Waliulizwa kwa karatasi ya kura, wakakubali.

Ila angalia wengine waliobaki. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477 nchini. Hao hawahitaji kuteuliwa na Rais. Wanahitaji kazi ya karani, ya fundi cherehani, ya muuza duka la vipuri. Ukiniletea mfano wa waziri wakati kijana amekataliwa kuuza vocha, yule kijana unamwambia ubaya uko kwake, mbona mwenzake ameweza.

Mhitimu wa Ajira Portal

Niongezee la usaili wa serikali. Matangazo yanasema wazi kwamba wenye ulemavu wanahimizwa kuomba na waeleze hali yao kwenye mfumo wa maombi ya ajira mtandaoni. Hilo ni jema. Mimi pia nina uoni hafifu, sina ualbino. Nilijaza. Siku ya usaili wa kuandika tuko ukumbi mzima, karatasi nikapewa ya herufi zile zile ndogo, muda ule ule. Nilipoinua mkono msimamizi akaniambia nikae, nisisumbue wengine. Sikumaliza hata nusu ya maswali. Matokeo yakatoka, sikufikia alama. Kwenye rekodi nimeshindwa usaili, na atakayeisoma ataamini kwamba uwezo wangu ndio ulipungua.

Mama Darasa la Sita

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Nimesoma uzi huu wote nikiwa nalia. Mwanangu wa kiume ana ualbino, yuko darasa la sita. Baba yake aliondoka mtoto akiwa na siku chache, akasema kwao hakuna watu hao, kwa hiyo nimezaa na mzungu. Mama mkwe akaniambia nisimnyonyeshe. Nimemlea na mama yangu mzazi.

Daktari wa ngozi ndiye aliyenieleza baadaye kwamba mtoto hawi na ualbino mpaka arithi jeni kwa baba na kwa mama wote wawili, na mzazi anaweza kuibeba bila dalili yoyote. Nilimpigia simu baba yake nimweleze. Alikata.

Shida yangu ya sasa ni mtihani. Mwakani anamaliza shule ya msingi. Darasani anasaidiwa na rafiki yake, anamsomea ubaoni, na mazoezi ya nyumbani anafanya vizuri sana. Lakini kwenye majaribio anapewa karatasi ya kawaida na muda unaisha yuko swali la kumi na kitu. Mwalimu wa darasa anasema ndiyo utaratibu, hana la kufanya. Naomba mnisaidie, nianzie wapi? Na losheni ya jua inayofaa ni ipi, za dukani ni ghali na nyingine zinamuwasha.

Mwalimu wa Zamu

Mama, marahaba, na pole kwa safari ndefu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimewahi kuwa na wanafunzi wawili wenye ualbino.

Kwanza niombe radhi kwa niaba ya wenzangu. Huko vyuoni wengi tulipita somo la elimu maalumu juujuu, tukatoka hatujui kwamba mtoto mwenye ualbino ni mtoto wa uoni hafifu. Mimi nilipolijua nilianza kutamka kila ninachoandika, na nikagundua watoto wengine wengi nyuma ya darasa walikuwa hawaoni pia.

Sasa la mtihani. Utaratibu upo, na anayekwambia haupo haujui. Baraza la Mitihani, NECTA, lina karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu na linawapa muda wa ziada. Lakini karatasi haiji yenyewe. Shule ndiyo inayotakiwa kumwandikisha mtoto kama mtahiniwa mwenye uoni hafifu wakati wa usajili. Asipoandikwa hivyo, siku ya mtihani hata msimamizi mwenye moyo mzuri hawezi kuizalisha. Hapo ndipo watoto wengi wanapopotelea. Mwalimu mkuu anadhani uoni hafifu ni kuwa kipofu, anaacha nafasi ile tupu.

Mpeleke mtoto kwanza kwenye kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa au ya rufaa apimwe, upewe maandishi ya daktari yanayotaja uoni hafifu kwa jina. Yafanye nakala kadhaa. Halafu mwandikie barua mwalimu mkuu ukiomba mambo matatu kwa maandishi: asajiliwe kama mwenye uoni hafifu, majaribio ya shule apewe karatasi iliyokuzwa (fotokopi ya A3 inatosha, na kama shule inasema haina hela, wewe jitolee hizo shilingi, tutagombana nao baadaye), na aruhusiwe kofia pana na shati la mikono mirefu mstarini na nje. Nakala mpelekee afisa elimu maalumu wa halmashauri, na hakikisha ya kwako imegongwa mhuri wa kupokelewa. Barua yenye mhuri inamfanya mwalimu mkuu akumbuke.

Usisubiri mwakani. Anza muhula huu ili akifika darasa la mtihani awe ameshazoea karatasi kubwa na ule muda wa ziada, kwa sababu kuutumia muda huo nako kunafunzwa.

Kuhusu losheni, iko inayotengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC, inaitwa Kilisun, imetengenezwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Wasiliana na tawi la mkoa la chama cha watu wenye ualbino, TAS, uulize lini na wapi inagawiwa. Apake asubuhi kabla ya kutoka na arudie mchana, masikio na shingo ya nyuma visisahaulike. Losheni bila kofia na mikono mirefu haitoshi.

Mtunza Stoo

Mama, mwalimu amemaliza. Mimi naongeza moja tu: huyo rafiki anayemsomea ubaoni, zungumza na mwalimu wa darasa wasitenganishwe wakibadilishwa madawati. Na uko mkoa gani? Kama uko Mwanza niandikie faragha. Barua nitakuandikia mimi, na kliniki ya macho tutakwenda wote.

Bosi Mdogo

Mtunza Stoo, na mimi nakuandikia faragha. Nina nafasi ya karani wa mauzo, ndani, zamu ya asubuhi. Kama kuna kijana unayemfahamu mwenye vyeti, aje Jumatatu. Aniambie mwenyewe anahitaji nini.